Beseni la Pili

Desemba 27

Daftari hili nimepewa na Evodia, mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya bahari kwenye chuo kimoja huko pwani. Amesema niandike vitu vitatu tu kila ninapohesabu: mvua, rangi ya karatasi ya kupimia uchachu wa maji, na konokono wangapi wako hai.

"Andika ulichoona, Mjomba. Ulichoona tu."

Nikamwambia anayeandika alichoona tu ni karani, na mimi si karani. Akacheka. Lakini daftari lina kurasa nyingi na konokono hawawezi kuzijaza peke yao, kwa hiyo nitawasaidia.

Ijulikane basi kwamba mwandishi ni Gaudensi wa Milanzi, Sumbawanga, miaka hamsini na mmoja. Shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu. Mwalimu mkuu alinifuata mpaka shambani kuniomba nirudi, maana bila mimi hesabu zilikuwa hazitoki. Tena mtaa mzima huu ni mimi peke yangu niliyewahi kuishi baharini: miaka miwili Mtwara, nikizamia chaza. Mmoja, mkubwa kama kigoda, alinibana mguu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Tukazungumza, yakaisha.

Mvua kubwa. Karatasi: beseni la kwanza buluu, la pili buluu. Hai: 40 na 40.

Desemba 29

Nieleze mpangilio, asije mtu akasema Gaudensi anafuga wadudu.

Barazani kwangu yako mabeseni mawili ya plastiki. Yote yana maji ya Ziwa Tanganyika, Evodia ameyapandisha kwa madumu kutoka Kasanga pamoja na vitoto vya konokono wa ziwani. Wawili wanaenea juu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Magamba yao yamesokotwa vizuri, kama ya baharini kabisa. Ukiyatazama muda mrefu kichwa nacho kinaanza kuzunguka taratibu, kwenda ndani.

Beseni la kwanza liko wazi. La pili lina mfuniko, na chini ya mfuniko unaingia mpira mwembamba kutoka kwenye chupa ya maji, sukari na hamira. Chupa inachemka polepole kama pombe ya ulezi siku ya tatu. Pumzi yake inapita kwenye mpira na kutokea majini, bwi, bwi, bwi.

"Hewa hii ni ileile inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda," Evodia akasema. "Bahari inaimeza. Ikiimeza sana, maji yanachacha."

"Mpaka ukionja unajua?"

"Wewe huwezi kujua, Mjomba. Anayejua ni kitoto cha chaza."

Akanieleza. Kitoto cha chaza ni kidogo kuliko punje ya ulezi. Siku mbili za kwanza za maisha yake anajenga gamba lake la kwanza, na nguvu ya kujengea ni ile akiba aliyoachiwa kwenye yai, hana nyingine. Maji yakichacha, vya kujengea vinakuwa adimu. Anamalizia akiba yote kwenye ukuta, na nyumba inaposimama mwenyewe anakufa kwa njaa ndani yake. Evodia amewaona hivyo kwenye matangi ya chuoni, asubuhi wanaogelea, kesho yake wamelala chini kama vumbi. Sasa anataka kujua kama konokono wachanga wa ziwani kwetu nao wataumia.

Mwalimu wake amempa muda mpaka Pasaka. Akipeleka hesabu kamili za wiki kumi na tatu, nafasi ya kuendelea na masomo ni yake. Asipopeleka, inakwenda kwa mwingine. Kule ziwani hana ndugu, na konokono hawawezi safari ya basi mpaka pwani. Ndiyo maana wako kwangu. Bila shaka na uzoefu wangu wa bahari umehesabiwa.

Manyunyu. Buluu; la pili linaelekea kijani. 40 na 40.

Januari 3

Evodia ameondoka alfajiri. Shikamoo yake ya kuagana aliitoa huku anatazama mabeseni. Mvua. Buluu na kijani. 40 na 40.

Januari 6

Ukungu. Buluu, kijani. 40 na 40.

Januari 9

Jirani yangu Masanja alipita na ng'ombe wake. Huyu ni Msukuma, alihamia huku na mifugo miaka kumi iliyopita, na tangu siku ya kwanza tunataniana. Aliegemea nguzo ya baraza akachungulia.

"Mtani, hii ndiyo bahari yako?"

"Kipande chake."

"Mbona inanuka hamira?"

"Bahari inanuka hivyohivyo. Wewe utajuaje, umezaliwa kwenye vumbi."

"Na mawimbi yako wapi?"

Nikamwambia Jumapili mawimbi hayatoki, bahari inapumzika. Akasema leo ni Ijumaa. Nikamwambia kwa kalenda ya baharini.

Mke wangu Bertila alikuwa anachambua maharage. "Baba Lydia," akasema bila kuinua kichwa, "mwache mwenzio aende na ng'ombe wake, anakuamini."

Mvua mchana. Buluu, kijani cha majani makavu. 40 na 40.

Januari 15

Nimebadilisha chupa. Mvua. 40 na 39. Pengine nilihesabu vibaya.

Januari 16

Sikuhesabu vibaya.

Januari 22

Wiki hii ukungu haujainuka. Asubuhi nilikwenda kuinua intumba zangu, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani chini yake ili yaoze yalishe mahindi. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake. Nikasimama katikati ya shamba nikageuka pande zote. Matuta yalikuwa yanakuja kutoka kwenye ukungu, safu kwa safu, mviringo baada ya mviringo, yakipita magotini kwangu na kwenda kupotea upande wa milima ya Mbizi. Ng'ombe wa Masanja walipita mbali bila sauti, pembe tu zinaonekana, zikielea. Sikujua nimesimama muda gani. Nilihisi nikiachia jembe litapanda juu lenyewe.

Bertila aliniuliza mbona nimerudi na jembe safi.

Manyunyu. Buluu, kijani-njano. 40 na 36.

Januari 28

Evodia alipiga simu. Nikamsomea hesabu. "Asante, Mjomba," akasema kwa sauti ya mtu anayeandika. Nikamwuliza kama tuwape dawa. "Hapana. Usiwape kitu chochote zaidi ya yale majani niliyokuachia. Waache kama walivyo. Kazi yako ni kutazama tu."

Kutazama tu. Mimi niliyemtoa fisi kisimani kwa mkono mmoja.

Mvua. 40 na 33.

Februari 1

40 na 31.

Februari 4

Mmoja nimempa jina. Anaitwa Mwenyekiti, maana kila asubuhi namkuta amepanda ukutani mwa beseni la pili juu ya wenzake wote, kama anayesubiri kikao kianze. Hana haraka. Leo nimemtazama mpaka uji ukapoa.

Wale wa beseni la kwanza magamba yao yana rangi ya kahawa na mdomo mgumu. Hawa wa pili yao yameparara, meupe, na pembeni yanamegeka kama kingo za chapati iliyokaa. Ukimwinua kwa kijiko hana uzito.

Mvua ya mawe. 40 na 29.

Februari 8

Masanja siku hizi hapiti tu, anakaa. Leo alichungulia muda mrefu, fimbo mabegani.

"Mwaka ule wa ukame," akasema, "ndama walizaliwa wanasimama wanaanguka. Mifupa kama matete. Mama hakuwa na cha kuwapa, akawapa mifupa yake mwenyewe. Wote wawili wakaanguka."

Nikasubiri amalizie kwa utani. Hakumalizia. Nilidhani ng'ombe kwake ni mali na sifa. Kumbe wale ndama bado wanasimama na kuanguka kichwani mwake.

Mawingu. 40 na 25.

Februari 11

Leo nitaandika polepole.

Asubuhi jua lilitoka, la kwanza baada ya siku tisa. Mwanga uliingia barazani umelala, ukapita ndani ya beseni la pili, na maji yote yakawaka kama chai ya rangi. Mwenyekiti alikuwa ukutani palepale pake. Gamba lake limekuwa jembamba hata mwanga ukapita. Ndani yake nikaona kitu kidogo, nukta, kinafumba na kufumbua. Nikadhani ni macho yangu. Nikasogea. Ilikuwa moyo wake.

Nimechinja mbuzi na kuku wengi, nimeona mioyo. Sijawahi kuona moyo ukiwa kazini, mwenyewe hana habari kwamba namtazama. Ulikuwa unapiga taratibu. Chupa inasema bwi, moyo unapiga. Bwi, unapiga. Nikahisi nimo ndani ya yale maji, na juu yangu kuna mtu mkubwa amenyamaza.

Wengine watatu walikuwa wamelala chini. 22.

Stoo kuna chokaa ya shamba. Bwana shamba alituambia miaka miwili iliyopita kwamba udongo wetu umechacha kwa mbolea, tunyunyizie chokaa. Nikanyunyizia, na mahindi yaliyokuwa ya njano yakarudi kijani kwa macho yangu mwenyewe. Hiyo si hadithi, Bertila ni shahidi. Basi kitu kikichacha, kinatiwa chokaa. Hilo kila mkulima wa hapa analijua, mwenye shule na asiye na shule.

Nilitia nusu kijiko cha chai. Maji yakawa na ukungu, kama Ufipa yetu ndogo, kisha yakatulia.

Nimeandika hapa kwa sababu Evodia alisema niandike. Jua. 40 na 22.

Februari 12

40 na 22.

Februari 13

22. Nimeongeza kidogo.

Februari 19

Mvua. Karatasi ya beseni la pili imeanza kurudi kwenye buluu. 40 na 22. Hajafa hata mmoja.

Februari 25

Mdomo wa gamba la Mwenyekiti umeota mstari mpya, mgumu, wa rangi ya kahawa. Moyo hauonekani tena. Nilifurahi, halafu nikaukumbuka.

Mashina, vichuguu, paa la jirani, vyote vimelowa na kutulia. Masanja ameuliza siri ni nini. Nikamwambia ni namna ninavyowatazama. Kule Mtwara chaza walikuwa wakiniona wananenepa.

Machi 4

Simu ya Evodia. Nikasoma: ishirini na wawili, ishirini na wawili, ishirini na wawili.

"Na rangi?"

"Buluu kidogo."

"Chupa unabadilisha?"

"Kila siku ya nne." Ni kweli, nabadilisha.

"Basi maji ya ziwa yanapigana yenyewe," akasema. Nikasikia pumzi yake inakwenda mbio. "Au konokono wamejifunza. Mjomba, unajua hii inaweza kuwa kubwa kiasi gani?"

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, kama siku zote. Nikasema, "Najua."

Mvua. 40 na 22.

Machi 5 mpaka 14

Mvua. 40 na 22. Mvua. 22.

Machi 17

Leo Mazwi sokoni nimewaambia watu kwamba mpwa wangu amegundua konokono wasiokufa, na mlezi wao ni mimi. Wakanisogezea benchi. Nikawaeleza chaza aliyenibana mguu, safari hii akiwa mkubwa kama meza. Nilipofika kwenye lile la kuzungumza naye, nikaikatiza hadithi. Nilikuwa naiona ile nukta. Nikawaambia nimesahau kufunga stoo, nikaondoka.

Machi 26

Evodia amefika. Aliteremka kwenye bodaboda na begi mgongoni, akasema shikamoo huku ameshapiga magoti mbele ya beseni la pili. Akamwinua Mwenyekiti kwa kijiko, akamweka chini ya kile kioo chake cha kukuza.

"Amejenga upya," akasema. "Katikati ya maji machachu, amejenga upya." Bertila alimletea uji, akaushika bila kuunywa.

Kisha akaomba daftari.

Nimeandika mengi ya uongo humu kwa raha zangu, lakini uongo huu nilioutamka leo hauna raha. Nilimwambia daftari lililowa mvua, nitamnakilia hesabu kwenye karatasi safi. Nimenakili jioni yote. Februari 11 nimeandika: jua, 22. Hakuna kilicho kosa. Ni kweli lilikuwa jua, ni kweli walikuwa ishirini na wawili.

Machi 28

Amepeleka hesabu kwa mwalimu wake kwa simu. Jumatatu wanazungumza. Hivi sasa anatembea uani anaongea peke yake, anapanga maneno, kama mama yake alivyokuwa akifanya kabla ya kwenda kuimba kanisani. Ukungu unamfunika mpaka magotini, na yeye hauoni.

Nimeufungua ule ukurasa wa Februari 11. Unatoka kirahisi, ni pini mbili tu.

Masanja alinikuta nimeushika. Nikalifunga daftari haraka.

"Nilikuona," akasema.

"Uliona nini?"

"Siku ile ya jua. Kijiko. Nilikuwa pale kwenye mparachichi na ndama mgonjwa."

"Na mwezi mzima hukusema?"

"Mtani, miaka kumi nakusikiliza unasema usiyoyafanya. Nilitaka kuona kama kuna siku utasema uliyoyafanya." Akachukua fimbo yake. Hakuwa anacheka.

Machi 29

Asubuhi nilimpa daftari. Nilimwambia, "Halikulowa."

Akakaa kwenye kigoda barazani akasoma tangu mwanzo. Mvua ilikuwa inashuka wima, bila upepo, na maji yakining'inia kwenye ukingo wa paa kama pazia. Mahali alipofika kwenye chaza na mguu alicheka. Kwenye kalenda ya baharini alicheka zaidi. Nilimtazama usoni kama nilivyokuwa nawatazama wale, nikijua anakoelekea. Akageuza, akageuza. Akaacha kucheka. Alisoma ukurasa ule, akarudi juu, akausoma tena. Chupa ikasema bwi.

"Mjomba," akasema polepole, "kuanzia Februari kumi na moja hapa hakuna kitu."

"Kuna konokono ishirini na wawili."

"Ndiyo. Wako hai, na hawanisaidii."

Nikamwambia nilimwona mmoja moyo. Nikamwambia habari za bwana shamba na mahindi ya njano. Aliniacha nimalize yote.

"Umefanya sawasawa kwa beseni," akasema. "Chokaa inasaidia, ni kweli, hukukosea. Lakini baharini nani atamwaga chokaa, Mjomba? Ukibeba ya Rukwa yote, ukabeba na milima ya Mbizi ukaisaga, utatia wapi? Nilitaka watu waone inakuwaje pale ambapo hakuna Mjomba wa kuingiza mkono. Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Basi."

Akaingia ndani. Bertila alinitazama, akasogeza sufuria ya maharage mbali na moto.

Machi 30

Hasemi nami. Mvua. 40 na 22.

Machi 31

Amezungumza na mwalimu wake, amemweleza yote, hata kijiko. Wiki sita na nusu za mwanzo zinakubalika, maana maji hayakuguswa na kila aliyekufa ameandikwa. Zilizobaki zimefutwa. Ataandika kitu kidogo kuliko alichokusudia. Ile nafasi ya kuendelea imekwenda kwa mwingine. Anaweza kuomba tena mwakani, kama atakuwa na hesabu kamili.

Alinisimulia yote amesimama, kama mtu anayemsomea mgonjwa cheti chake. Kisha akaketi.

"Ungeuchana ule ukurasa nisingejua," akasema.

"Nilitaka kuuchana."

"Ningesimama mbele za watu nikasema konokono wanajiponya. Wangeniamini, Mjomba. Watu wanapenda sana kusikia hivyo."

Bwi, ikasema chupa.

"Na Mtwara?" akaniuliza.

"Mtwara vipi?"

"Mama alisema miaka ile miwili ulikuwa Kaengesa, hukuhuku kwetu, unafyatua matofali ya misheni."

Nikatazama mvua. Matofali yale ninayakumbuka, yalikuwa mekundu, yamepangwa mpaka mbali, na jioni joto lilikuwa linatoka ndani yake kama kwenye mwili. Sijawahi kumsimulia mtu. Nilidhani hayana cha kusimulia.

"Ulijua tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu nikiwa darasa la pili. Ulisema maji ya bahari ukiyachemsha yanakuwa maziwa. Nilipofika pwani nikayachemsha." Akatabasamu kidogo, kwa uchovu. "Nilikwenda kusoma bahari kwa sababu yako, Mjomba. Nilitaka kuona ile ya kwako."

Aprili 4, Jumamosi

Evodia amekwenda Kasanga na kurudi. Mwenyekiti na wenzake amewarudisha ziwani. Nilimwomba amweke mahali penye jiwe, apate pa kupanda. Amekuja na maji mapya na vitoto themanini. Kesho anarudi chuoni.

Alipokuwa anafunga begi aliniwekea daftari jipya mezani. Sikuwa nimeomba. Nikamwuliza haogopi. Akasema anaogopa, lakini wengine wangeuchana ule ukurasa. Chokaa ameikabidhi kwa Masanja, naye ameifungia kwenye zizi na kusema ufunguo utalala shingoni mwa dume lake kubwa.

Mimi nimeomba hili la zamani liishie kwa ukurasa mmoja wangu.

Aprili 6

Mvua: hakuna. Ukungu umejaa bonde lote, matuta yanaonekana juu juu.

Karatasi: buluu na buluu.

Hai: 40 na 40.

Bahari: sijawahi kuiona.